Ofa zako zinaangukia spamu? Anza na domeini, maneno baadaye

Ukimuuliza mfanyabiashara kwa nini barua pepe zake za ofa zinaishia spamu, atakutajia neno "bure", herufi kubwa au alama za mshangao. Ndiyo maana utawakuta watu wakiandika "B.U.R.E" wakidhani wameichenga Gmail. Vichujio vya siku hizi vina maswali mazito zaidi. Je, barua hii imetoka kweli kwa anayejitaja? Na waliopokea barua zake zilizotangulia walizifanyia nini?

Tuchukue kampuni ya utalii ya Arusha, domeini yake, yaani jina lake la mtandaoni, tuiite mfano.co.tz. Tovuti iko kwenye hosting ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), barua za ofisini ziko Google Workspace (huduma ya Google kwa makampuni), na ofa za msimu zinatumwa kwa Mailchimp, huduma ya kutuma barua kwa wingi, kwenda kwa wageni waliowahi kuja na walioulizia bei. Ni mpangilio wa kawaida kabisa, na karibu kila mtego ninaoujua umo humo.

Kanuni zenyewe hazina siri. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanawataka watumaji wa wingi wawe na SPF, DKIM na DMARC, yaani njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, zote tatu. Microsoft nao wakafuata Mei 2025 kwa anwani za Outlook na Hotmail. Kwa Gmail, mtumaji wa wingi ni anayefikisha takriban barua 5,000 kwa siku kwenda anwani binafsi za Gmail, zikihesabiwa pamoja na za domeini ndogo zako. Ukifika hapo hata siku moja, unabaki kwenye kundi hilo daima. Unatuma 800 tu? Zifuate hivyohivyo, maana mtumaji mdogo naye anadaiwa SPF au DKIM.

SPF ni rekodi ya maandishi (TXT) kwenye DNS, orodha ya mtandaoni inayoeleza huduma za domeini yako ziko wapi, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuwa na rekodi mbili: cPanel iliweka yake siku hosting ilipofunguliwa, kisha fundi aliyehamishia barua Google akaongeza nyingine bila kuigusa ya kwanza. Zikiwa mbili, jibu la ukaguzi ni permerror, yaani kosa la kudumu, na hakuna hata moja inayofanya kazi. Ziunganishe ziwe mstari mmoja:

v=spf1 ip4:203.0.113.10 include:_spf.google.com ~all

Hiyo IP (anwani ya namba ya seva) ni ya mfano tu. Weka ya seva yako. Usimalizie kwa +all hata siku moja, kwa sababu hapo umeiruhusu dunia nzima itume kwa jina lako. Kumbuka pia kwamba SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS. Kila include (inayoita orodha ya huduma nyingine), a na mx inahesabiwa, pamoja na zilizomo ndani yake; ip4 haihesabiwi.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanaongeza include ya Mailchimp kwenye SPF na kudhani wamemaliza. Haisaidii. SPF haiangalii anwani ya mtumaji anayoiona mgeni, yaani From. Inaangalia Return-Path, anwani ambayo barua zilizoshindwa kufika hurudishwa, na Mailchimp hutumia ya kwao. Kwa hiyo SPF inapita, lakini kwa domeini yao. DMARC, sera inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyothibitika, inataka domeini iliyopita ukaguzi ilingane na ile iliyoandikwa kwenye From, na isipolingana, kupita huko hakukufaidishi kitu.

Kinachokuokoa ni DKIM, sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua. Kwa Mailchimp unaongeza CNAME mbili, yaani rekodi za DNS zinazoelekeza jina moja kwenye jingine: k2._domainkey inayoelekea dkim2.mcsv.net, na k3._domainkey inayoelekea dkim3.mcsv.net. Angalia unavyojaza, kwani baadhi ya paneli huongeza domeini zenyewe mwishoni. Ukiandika jina lote unapata k2._domainkey.mfano.co.tz.mfano.co.tz, halafu unashinda unasubiri DNS "isambae". Kama DNS yako iko Cloudflare, zima wingu la chungwa (alama ya kupitisha rekodi kwenye seva za Cloudflare) kwenye CNAME hizo. Na hakikisha kwanza nameserver zako (seva zinazojibu maulizo ya DNS ya domeini yako) ziko wapi, la sivyo utahariri rekodi za cPanel ambazo hakuna anayezisoma.

Barua za ofisini zina DKIM yake. Kwenye paneli ya msimamizi ya Google Workspace tengeneza ufunguo wa biti 2048, uweke kwenye google._domainkey, kisha urudi ubonyeze kitufe cha kuanza uthibitishaji. Wengi huweka rekodi na kusahau kitufe. Ufunguo huo ni mrefu kuliko herufi 255 za kipande kimoja cha TXT, kwa hiyo paneli isiyougawa yenyewe itaukata au kuukataa. Ugawe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za nukuu.

DMARC inawekwa kwenye _dmarc.mfano.co.tz. Anza hivi:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@mfano.co.tz

Kwa p=none hakuna barua inayozuiwa kwa sababu ya sera yako; unakusanya ripoti tu. Ni faili za XML zisizosomeka kirahisi, lakini zisome au tumia huduma ya kuzichambua, kwa sababu zitakufichulia watumaji uliowasahau. Kwa kampuni za utalii, mara nyingi ni fomu ya kuulizia safari kwenye tovuti. Programu-jalizi nyingi hupangwa ziweke anwani ya mgeni kama From. Mgeni wa Yahoo akijaza fomu, seva yako inatuma barua ikijifanya yahoo.com, na Yahoo wana p=reject, yaani barua za kujifanya wao zikataliwe, tangu 2014. Ombi la safari linapotea, na wewe unabaki ukilalamika kwamba msimu ni mbaya. Weka anwani yako kwenye From, ya mgeni kwenye Reply-To, na utume kwa SMTP (njia ya kutumia barua pepe) iliyothibitishwa kwa jina na nywila. Ripoti zikikaa safi kwa wiki kadhaa, panda hadi p=quarantine (zisizopita ziende spamu), kisha p=reject.

Kujipima ni rahisi. Jitumie kampeni kwenye Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu na uchague kuonyesha ujumbe asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, na zote ziseme PASS. Kisha soma domeini iliyoandikwa pembeni ya DKIM. Ikiwa si yako, bado hujamaliza.

Sasa tuje kwa wapokeaji. Google wanataka malalamiko ya spamu yabaki chini ya 0.1%, na yasifike 0.3%. Kwa barua 2,000 zilizoingia kikashani, hiyo 0.3% ni watu 6 tu. Fungua Postmaster Tools, zana ya Google ya watumaji, uifuatilie, ila usidanganyike na sifuri. Hesabu hiyo hutokana na barua zilizoingia kikashani. Nyingi zikienda moja kwa moja spamu, hakuna wa kuzilalamikia, na grafu inapendeza wakati hali ni mbaya.

Mtu asipoona pa kujiondoa atabonyeza spamu, kwa hiyo njia ya kutoka iwe nyepesi. Mtumaji wa wingi anatakiwa kuweka List-Unsubscribe na List-Unsubscribe-Post, vinavyoleta kitufe cha kujiondoa, kwenye vichwa vya barua, na kulitimiza ombi ndani ya siku mbili. Huduma kubwa huviweka zenyewe. Outlook yenye Bcc ya watu 300 haiviweki, na kwangu hiyo si njia ya kutumia hata mara moja.

Orodha ndiyo inayoharibu zaidi. Za kununua zina anwani za mtego zilizowekwa makusudi kuwanasa watumaji wa hovyo. Lakini hata daftari la kwenye banda la Sabasaba lina hatari zake: mwandiko wa haraka unasomwa gmial.com, au herufi moja inageuka na barua inamfikia mtu asiyekujua. Kwa kila anwani mpya, tuma kwanza kiungo cha kuthibitisha. Anwani ambazo barua zake zinarudi na 550 5.1.1, yaani anwani haipo, zifute mara moja. Zikizidi 2% ya kampeni, mimi nasimamisha kutuma. Ridhaa ni suala la kisheria pia, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania na ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa Kenya.

Yaliyomo yana uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa kitu kimoja kinachopendwa sana kwetu: bango moja la picha lisilo na maandishi yoyote. Andika ofa kwa maandishi, picha isindikize. Epuka viungo vilivyofupishwa. HTML isizidi KB 102, maana Gmail huikata hapo na kiungo cha kujiondoa kilichoko chini kinafichwa. Na kichupo cha Matangazo si spamu, usihangaike nacho.

Kama sifa ya domeini imeshachafuka, usikimbilie kununua nyingine. Rekebisha rekodi, kisha utume kwa waliobonyeza kiungo ndani ya siku 30 peke yao. Nasema kubonyeza, kwa sababu tangu Apple waweke ulinzi wa faragha kwenye Mail mwaka 2021, picha, ambazo ndizo huhesabu barua kuwa imefunguliwa, hupakuliwa hata barua isiposomwa, na takwimu za kufungua hazitegemeki. Malalamiko yakibaki chini ya 0.1%, ongeza wa siku 60 wiki inayofuata, kisha 90. Wasiobonyeza mwaka mzima watumie barua moja ya kuuliza kama bado wanataka habari zako, na wasiojibu uwatoe.