Je, wajua kwa nini sabuni ya kunyolea huhitaji brashi?

Chukua kipande cha sabuni ya asili ya kunyolea, kisugue viganjani, upake kidevuni. Utapata utelezi na mapovu machache yanayopasuka kabla hujashika wembe. Sasa izungushie sabuni hiyohiyo brashi iliyolowa: baada ya dakika moja hivi una povu zito kama mtindi, limeng'ang'ania shavuni. Kilichoongezeka ni nini?

Ni hewa. Krimu ya kopo hutoka ikiwa imefura kwa sababu kopo lina gesi iliyoshindiliwa. Sabuni ya kipande haina gesi, hivyo hewa lazima iingizwe kwa kuichapa, na vidole ni vinene mno kwa kazi hiyo. Brashi ina maelfu ya nywele, na kati ya unywele na unywele mna maji na hewa. Kila unapoizungusha, mapovu makubwa hukatwakatwa yakawa madogo, na madogo ndiyo yanayodumu. Liangalie povu lako: likiwa kavu lenye vitundu, ongeza matone mawili ya maji uendelee kuzungusha. Likianza kung'aa, na ukilivuta kwa brashi likasimama ncha bila kudondoka, limeiva.

Mafuta yaliyopikiwa sabuni nayo yana neno. Ya nazi hutoa povu upesi, ila mapovu yake ni makubwa na hayakai. Mafuta ya ng'ombe na siagi ya shea yana asidi ya steariki kwa wingi, nayo ndiyo hulipa povu uzito. Sabuni nzuri ya kunyolea huchanganya vyote.

Maji pia. Ukichota kwenye kisima cha Pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, umeshaona sabuni ikigoma kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye beseni. Ni kalsiamu iliyomo majini, inaikamata sabuni kabla haijafanya kazi. Tumia maji ya mvua, au yachemshe kwanza na uyaache chokaa ituame.

Faida kubwa kwangu iko kwenye ndevu zenyewe. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa hunywa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, ukavimba na kulainika, wembe ukapita bila kuuvuta. Brashi huyafikisha maji hayo shinani na kuunyanyua unywele uliolalia ngozi. Kwetu sisi wenye nywele za kipilipili hilo ni jambo zito, maana ncha ya unywele uliokatwa hujikunja na kurudi kuchoma ngozi, ndipo vipele vya kidevuni huanza. Brashi haiviponyi, na bado inakupasa kunyoa kufuata ndevu zinakoelekea, lakini angalau wembe hautahitaji kukandamizwa.

Kabla ya kununua, uliza nywele za brashi ni za nini. Zile ngumu za bei nafuu mara nyingi ni za nguruwe, na kwa Mwislamu hilo si dogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa ipasavyo. Siku hizi zipo za nailoni: hazitoki kwa mnyama, hukauka upesi, na povu lake ni zuri kabisa. Mimi ningeanza na hiyo.