Anicca: maana ya kutodumu katika Ubuddha

Anicca ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha wa Theravada, mojawapo ya matawi makuu ya Ubuddha. Maana yake ni kutodumu: nicca ni kitu cha kudumu, na ile a- ya mwanzo inakanusha. Kwa Kisanskriti ni anitya, na Wajapani husema mujo. Hutamkwa kama "anichcha", sauti ya ch ikikazwa.

Msomaji wa Kiswahili akikutana na dhana hii husema upesi: kumbe ni yale yale, dunia mapito, hakuna marefu yasiyo na ncha. Zinakaribiana, ila methali hiyo inatazama ncha. Jambo linakwenda, linakwenda, halafu linakoma. Anicca haingoji mwisho. Maandiko hutaja alama tatu za kitu chochote kilichoundwa: kuzuka kwake huonekana, kutoweka kwake huonekana, na kugeuka kwake kingali kipo huonekana pia. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwamba mwili utakufa, kila mtu anajua. Kwamba mwili wa asubuhi ya leo si ule ule wa jana usiku, hilo hulikubali mdomoni tu.

Neno "kilichoundwa" nalo lisipitwe haraka. Aya ya 277 ya Dhammapada, mkusanyiko wa aya za mafundisho ya Buddha, inasema sabbe sankhara anicca, yaani vyote vilivyoundwa havidumu. Sankhara ni kila kinachopatikana kwa kukusanyika sababu na masharti. Mwali wa taa unategemea mafuta na utambi; mafuta yakipungua mwali unafifia, na hata unapowaka vizuri, unawaka kwa mafuta mapya kila mara. Kwa hiyo kutodumu si laana iliyoangukia vitu kutoka nje. Kitu kinachosimama kwa sababu zake hakiwezi kusimama zikiondoka, basi.

Sasa angalia ufundi wa maandiko yenyewe. Aya ya 278 inasema vyote vilivyoundwa vina dukkha, neno linalobeba maumivu pamoja na ile hali ya kutoridhisha. Aya ya 279 inafuata muundo ule ule, lakini inaacha neno sankhara na kuweka dhamma: mambo yote, yaliyoundwa na yasiyoundwa, hayana nafsi, yaani anatta. Sababu ni nibbana (nirvana), kikomo cha dukkha, ambayo mafundisho yanaihesabu kuwa haikuundwa. Nibbana haina nafsi, lakini haiwekwi katika kundi la vitu visivyodumu. Anayesema "Ubuddha unafundisha kwamba kila kitu hakidumu" amekosea kidogo, na kosa hilo dogo linafuta lengo zima la safari.

Mambo hayo matatu, anicca, dukkha na anatta, huitwa alama tatu za kuwapo, na hayakupangwa kiholela. Katika hotuba inayohesabiwa kuwa ya pili ya Buddha, aliyowapa watawa watano karibu na Varanasi, mji wa India, anawauliza: umbo hili la mwili ni la kudumu au si la kudumu? Si la kudumu, wanajibu. Kisichodumu ni raha au ni dukkha? Ni dukkha. Basi kisichodumu, chenye dukkha, chenye tabia ya kugeuka, yafaa kukitazama na kusema hiki ni changu, hiki ni mimi, hii ni nafsi yangu? Hapana. Halafu maswali hayo hayo yanarudiwa kwa hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu. Kutodumu ndiko mlango wa kuingilia, kwa sababu kunaweza kuangaliwa. Ndiyo maana watafakari huanza na vitu vilivyo karibu kabisa, kama pumzi inayoingia na kutoka, au maumivu ya goti yanayozidi, yanahama, yanalegea.

Wafafanuzi wa baadaye walikwenda mbali zaidi. Katika Abhidhamma ya Theravada, yaani uchambuzi wa kina wa akili na vitu, tukio la umbo huhesabiwa kudumu kwa muda wa matukio 17 ya akili, kila moja likizuka, likisimama na kuvunjika. Shule nyingine za mawazo ya Kibuddha zilibishana kama hata huko "kusimama" kupo. Ubishi mzuri kwa wenye nafasi. Hotuba zenyewe haziutegemei.

Katika maisha ya kawaida, neno hili husikika zaidi misibani. Katika nchi za Theravada kama Sri Lanka na Thailand hukaririwa aya inayoanza anicca vata sankhara: kweli, vilivyoundwa havidumu, huzuka na kutoweka, na kutulia kwake ni heri. Maandiko yanasema ilitamkwa na Sakka, mfalme wa miungu, Buddha alipofariki Kusinara, mji wa India ya kale. Huko Japani mujo ilitoka hekaluni ikaingia katika ushairi, na maua ya mcheri yanayopukutika yakawa picha yake maarufu. Uzuri wake ukaonekana umo katika kupukutika huko. Hiyo ni ladha ya Kijapani, na si vyema kuirudisha kinyumenyume katika maandiko ya Kipali, ambayo hayana huruma ya namna hiyo kwa maua.

Wapo wanaolisoma neno hili kama ruhusa ya kukata tamaa: kama hakuna kinachodumu, ya nini kujisumbua? Maneno ya mwisho ya Buddha yanajibu. Sehemu ya kwanza inasema vilivyoundwa vina tabia ya kutoweka. Ya pili inaamuru: timizeni bila uzembe. Tena, kama hasira na ujinga vingekuwa vya kudumu, mafunzo yote yangekuwa kazi bure. Mtu hubadilika kwa sababu ile ile inayomfanya azeeke.

Kwa anayetaka kuiandika dhana hii kwa Kiswahili, "kutodumu" inatosha. "Ya muda" inapotosha, kwani inadokeza kuna muda uliopangwa na kwamba kabla haujafika kitu ni kile kile. "Mapito" inafaa katika wosia na mashairi, lakini imezoea kubeba wazo la makao mengine ya milele yanayotungoja ng'ambo, na anicca yenyewe haisemi hivyo.