Putin na Zelensky watakutana? Nioneshe masharti kwanza

Tarehe 18 Agosti 2025, siku tatu baada ya kuonana na Putin kule Alaska, Donald Trump alitangaza kwamba ameanza kupanga mkutano wa Putin na Zelensky. Habari ya namna hiyo ikitoka, mimi ninayekula kwa kupima uwezekano wa matukio ya kisiasa huulizwa swali lile lile: "Ndiyo" inauzwa bei gani, na je, tuingie? Jibu langu huwachosha wengi. Bei tutaizungumza baadaye, nioneshe masharti kwanza, yaani kanuni zinazosema soko litalipa kwa jambo gani na kabla ya lini.

Kwa aliyezoea mikeka ya mpira, tofauti ni hii. Kwenye mkeka, kampuni ndiyo inayopanga odi, na wewe unapambana nayo. Kwenye masoko ya ubashiri kama Polymarket na Kalshi, washiriki huuziana wenyewe kwa wenyewe. Hisa ya "Ndiyo" hulipa dola 1 jambo likitokea, lisipotokea hailipi kitu. Ikiuzwa senti 35, soko linasema uwezekano ni kama asilimia 35. Ukiona imepanda, unaiuza na kuondoka bila kungoja siku yenyewe.

Sasa, swali la soko halisemi tu "watakutana?" Husema "watakutana kabla ya tarehe fulani?", na hiyo tarehe ndiyo inayokula pesa za watu. Chukua karatasi tupige hesabu. Tuseme unaamini kila wiki ina uwezekano wa asilimia 5 wa mkutano kufanyika. Zikibaki wiki kumi, uwezekano wa kukutana ndani ya muda huo ni takriban asilimia 40. Zikibaki wiki nne, umeshuka hadi asilimia 18 na nusu. Hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna ndege iliyogeuzwa njiani, na imani yako haijabadilika hata chembe, lakini hisa yako imepoteza zaidi ya nusu ya thamani. Anayenunua kwa furaha ya kichwa cha habari husahau kwamba kila Jumatatu inamkata.

Na vichwa vya habari vyenyewe havina adabu. Mwaka 2018 Trump aliufuta mkutano wake na Kim Jong Un kwa barua ya tarehe 24 Mei. Tarehe 12 Juni wakapeana mikono Singapore. Mwaka uliofuata alimwalika Kim kupitia Twitter, na kesho yake, tarehe 30 Juni, wakaonana Panmunjom, mpakani mwa Korea mbili. Upande wa pili kuna Budapest. Tarehe 16 Oktoba 2025 Trump alitangaza kuwa atakutana na Putin huko, na kabla wiki haijaisha mpango ukawa umezikwa. Mei mwaka huo huo Zelensky alifika Uturuki akisema yuko tayari kumngoja Putin; Putin akatuma ujumbe ulioongozwa na msaidizi wake, Medinsky.

Sisi wa Maziwa Makuu tuna somo letu wenyewe. Tarehe 15 Desemba 2024 Kagame na Tshisekedi walitarajiwa Luanda, kila kitu kimepangwa, na mkutano ukavunjika siku ile ile. Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Machi 2025, wakaonekana Doha wakiwa na Amiri wa Qatar, wakati macho yote yalikuwa Luanda, ambako mazungumzo ya Kinshasa na M23 yalikuwa yamekwama. Kwa hiyo nikisikia tangazo la mkutano huongeza makadirio yangu kidogo tu, na nikisikia umefutwa huyapunguza kidogo tu.

Ninachokitazama zaidi kuliko matamko ni mahali. Tangu Machi 2023 Putin ana hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Agosti mwaka huo hakwenda Afrika Kusini kwenye mkutano wa BRICS, alihutubia kwa video. Alaska iliwezekana kwa sababu Marekani si mwanachama wa mahakama hiyo. Budapest ilihitaji mpaka ndege yake ipate anga ya nchi za Umoja wa Ulaya. Mtu akiniambia mkutano uko karibu, namuuliza utafanyika mji gani na ndege itapita wapi. Akikosa jibu, simwongezei hata senti.

Halafu masharti. Tarehe 10 Desemba 2013, kwenye kumbukumbu ya Mandela jijini Johannesburg, Obama alimpa mkono Raúl Castro, rais wa Cuba wakati huo, akielekea jukwaani. Je, hapo walikutana? Masharti mengine yangelipa kwa salamu ile, mengine yangetaka wakae wazungumze, jambo walilolifanya Panama Aprili 2015. Mkutano wa video je? Wakiwa ukumbi mmoja na viongozi wengine ishirini je? Ukidhani haya ni mabishano ya vijiweni, kumbuka suti ya Zelensky. Mwaka 2025 Polymarket ilikuwa na swali kama atavaa suti kabla ya Julai. Juni alitokea kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague na koti jeusi ambalo vyombo vya habari kadhaa viliita suti. Zaidi ya dola milioni 200 zilikuwa zimezunguka kwenye soko hilo. Mzozo ukaamuliwa kwa kura za wenye tokeni, yaani sarafu za kidijitali, za mfumo uitwao UMA, ambako mwenye tokeni nyingi ana sauti kubwa, na jibu likawa "Hapana". Picha zilionekana dunia nzima, na bado kuna waliolala na pesa na kuamka bila kitu.

Jambo la mwisho ni zile bei za chini kabisa. Ukiona "Ndiyo" ya mkutano ambao tarehe yake ya mwisho iko miezi sita mbele ni senti 3, usiandike ripoti kwamba soko linaona asilimia 3. Wa kuishusha bei hiyo ni mnunuzi wa "Hapana" kwa senti 97, ambaye atafungia pesa zake nusu mwaka ili apate faida ya senti 3, tena akibeba hatari ya mzozo wa masharti. Wengi wanaona heri waiweke pesa hiyo kwenye dhamana za serikali. Uwezekano halisi unaweza kuwa asilimia 1 au chini yake, na bei ikabaki pale pale kwa kukosa mtu wa kuisukuma.