Tamathali za Kiingereza husomwa kwa sarufi

Mwanafunzi wa sekondari hapa Bukavu huanza Kiingereza akiwa tayari na Kiswahili cha mtaani, Kifaransa cha darasani na, mara nyingi, Mashi ya nyumbani. Utajiri huo humsaidia sana, ila kwenye tashbihi humponza, kwa sababu “comme” ya Kifaransa na “kama” ya Kiswahili hufanya kazi ambayo Kiingereza kimewagawia “as” na “like”.

Tuandike ubaoni sentensi mbili: “He spoke as a lawyer” na “He spoke like a lawyer.” Ya kwanza haina tamathali yoyote, kwani msemaji ni wakili kweli na alizungumza kwa wadhifa huo. Ya pili inasema alizungumza mithili ya wakili, ingawa huenda kazi yake ni kuuza makala, yaani makaa ya kupikia, katika soko la Kadutu. Mwanafunzi akizitafsiri zote “alizungumza kama wakili”, hajui tena nani ni nani katika habari anayoisoma. Hata hivyo, “as” huingia kwenye tashbihi inapotokea mara mbili na kukibana kivumishi katikati, kama katika “as brave as a lion”.

Sitiari ni ngumu zaidi, maana haina alama: “He is a lion” na “He is a lawyer” zina muundo uleule, na muktadha pekee ndio unaoamua.

Nahau nazo, kwa maoni yangu, hufundishwa vibaya zinapotolewa kama orodha ya kukariri. Afadhali mwalimu awape wanafunzi “The old man kicked the bucket”, yaani mzee alifariki, kisha awaombe waigeuze iwe katika kauli ya kutendwa. Wakipata “The bucket was kicked by the old man”, kifo kimetoweka na imebaki ndoo iliyopigwa teke. Kitenzi cha nahau hii hukubali kubadilishwa wakati, lakini nomino yake haikubali kuhamishwa wala kuwekwa katika wingi. Zoezi hilo linaweza kutanguliwa na “casser sa pipe” ya Kifaransa, yenye maana hiyohiyo na ukaidi uleule, au na “kuaga dunia” yetu wenyewe: mzee ameaga dunia, lakini hakuna atakayetangaza msibani kwamba dunia imeagwa na mzee.