Diazepamu: kwa mtoto mwenye degedege na kwa bibi asiyepata usingizi

Mimi ni mfamasia wa hospitali hapa Kigoma, na diazepamu huulizwa kwangu na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni muuguzi anayekuja mbio kutoka wodi ya watoto. Wa pili ni mama mtu mzima anayesubiri foleni ipungue, kisha anainamia dirisha: "Mwanangu, nipatie vile vidogo vya usingizi." Muuguzi nampa papo hapo. Huyu mama namkaribisha kwanza tuzungumze.

Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo ndiyo breki yake. Diazepamu huiongezea nguvu breki hiyo. Ndiyo maana mtukutiko unakoma, misuli iliyokaza inalegea, hofu inatulia na usingizi unakuja. Dawa hii iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na mpaka leo inatibu pia mkazo wa misuli wa pepopunda na mtetemeko wa mtu anayeacha pombe ghafla.

Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo degedege tunaliona sana. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, basi wanaanza na mafusho nyumbani, na saa zinakwenda. Nawaelewa: wengi wamewahi kuona mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa hoi akifariki muda mfupi baada ya sindano. Kilichomuua ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Isitoshe, diazepamu ya degedege mara nyingi haichomwi kabisa. Muuguzi anavuta dawa kwenye bomba, anaondoa sindano, anaiingiza kupitia njia ya haja kubwa, kisha anayabana makalio ya mtoto kwa dakika chache isimwagike. Kipimo ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 5. Ndani ya dakika chache mwili unaanza kulegea. Wakati huohuo anapimwa sukari na malaria, kwa sababu diazepamu inazima degedege tu, chanzo chake inakiacha palepale.

Nyumbani, mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, na anza safari. Degedege likipita dakika 5 ni dharura.

Nirudi kwa mama wa dirishani. Wiki za mwanzo vidonge vinamlaza vizuri. Baadaye mwili unazoea, kimoja hakitoshi, anaongeza. Akiviacha ghafla usingizi unapotea kuliko mwanzo, mikono inatetemeka, na wengine wanapata kifafa ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Kwa wazee kuna jambo jingine. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, na mwili wa mzee unaitoa polepole zaidi, kwa hiyo cha leo kinapanda juu ya mabaki ya jana. Bibi anaamka usiku kwenda choo cha nje, miguu haina nguvu, anaanguka, nyonga inavunjika. Ukisikia mzee "ameanza kuchanganyikiwa", angalia kwanza dawa anazomeza.

Linalonitisha kuliko yote ni mchanganyiko. Diazepamu pamoja na gongo, au pamoja na dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini, hupunguza pumzi. Mtu analala, anakoroma, pumzi zinazidi kuachana, na wenzake wanadhani amechoka. Ukimkuta hivyo na haamki ukimtikisa, mgeuze ubavu na mkimbize hospitali pamoja na paketi za dawa alizomeza, tujue tunapambana na nini.

Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie bila daktari, maana mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, akashindwa kunyonya na hata kupumua vizuri. Dereva wa bodaboda au wa boti aliyeimeza asishike usukani, hata kama anajiona mzima asubuhi yake.

Kama umeimeza kila usiku kwa wiki nyingi, tafadhali usiitupe leo kwa sababu umesoma haya. Nenda kwa daktari na vidonge vyako mkononi. Atakupunguzia kidogo kidogo, kwa wengine ni wiki, kwa wengine miezi, na atatafuta kinachokunyima usingizi: maumivu, huzuni, kukojoa mara kwa mara kwa sababu ya kisukari. Hivyo vina matibabu yake.