Marejea Kwenye Kitalu cha Miche: Acha Yaoze Kwanza

Malalamiko yanayotufikia kutoka vitalu vya Arusha na Moshi yanafanana: mtu amefukia marejea (mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa ukiwa mbichi uwe mbolea) kwenye tuta, akasia mbegu za mti wa mgrivea wiki hiyohiyo, na miche ikalala chini kabla ya kutoa jani la pili. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoangusha miche michanga. Majani mabichi hulisha kuvu wa udongoni kabla hayajalisha mche. Shina husinyaa usawa wa udongo, likabaki kama uzi uliolowa. Wengine wamemwagia urea. Urea haitibu kinyausi, jamani.

Tuta la mita 1 kwa 10 linatoshwa na gramu 50 za mbegu za marejea. Panda masika yanapoanza, fyeka maua ya kwanza yakichomoza, wiki ya 8 hadi ya 10. Ukingoja maganda, shina limeshakuwa ukuni: vijidudu vinavyoliozesha vitanyang'anya udongo naitrojeni, na miche itageuka njano. Katakata vipande vya urefu wa kidole, changanya na udongo hadi kina cha sentimita 15, mwagilia, subiri wiki 4. Kibosho na kwingine juu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kwa baridi ya Juni na Julai, ongeza wiki 2. Kisha chota konzi moja ya udongo: ukikuta shina la kijani au harufu ya uozo, bado. Mwenye wasiwasi ajaribu kwanza kusia mchicha kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea miche) vichache vyenye udongo huo. Mchicha ukilala, miche ya mgrivea nayo italala.

Ngwara, mmea mwingine wa jamii ya kunde, nayo hurutubisha, ila tuta lenye minyoo fundo (minyoo midogo inayofanya mizizi iote vinundu) lipewe marejea. Mbegu za marejea zina sumu kwa mifugo.

Udongo huu uliorutubishwa kwa marejea ndio mbadala wa udongo wa msituni, na hapa tueleweke. Kuchota udongo kwenye msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, hata ndoo moja, hata kama babu alichota. Msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Kitalu nacho kikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. "Nipo karibu na maji tu" si utetezi.

Anayeotesha misindano (paini) ana shida nyingine: kuvu wanaohitajiwa na mizizi yake hawaletwi na marejea, hukaa chini ya misindano mikubwa. Aandike barua kwa mhifadhi wa shamba la miti, ataje kiasi cha udongo anaoomba na kitalu kilipo, na asubiri jibu kabla ya kubeba koleo.