Upinde wa tabaka ni nini, na gundi gani inaufaa?

Upinde wa tabaka ni ule unaoundwa kwa vipande viwili au zaidi vilivyogundishwa kwa urefu wake wote. Ni tofauti na upinde wa mti mmoja, kama wanaochonga Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao hauhitaji gundi.

Sababu ya kuhangaika na tabaka imo katika mkunjo wenyewe. Ukivuta ugwe, upande unaotazama shabaha, yaani mgongo, unavutwa. Upande unaokutazama wewe, yaani tumbo, unabanwa. Miti michache huvumilia yote mawili. Mti wa yuu, uliotumika kwa pinde ndefu za Waingereza kama zile za meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545, umejaliwa: mbao nyeupe ya nje huvutika, moyo wake hustahimili kubanwa. Asiyekuwa na mti wa namna hiyo huiunda jozi hiyo mwenyewe. Waturuki walibandika kano mgongoni na pembe ya nyati-maji tumboni, kwa gundi iliyotokana na kano na ngozi. Ni gundi kali ajabu, ila unyevu huilegeza.

Kwa anayejaribu nyumbani, ningeanza na mwanzi mgongoni juu ya mbao ngumu. Nyuzi za mwanzi zimesongamana karibu na ganda la nje, kwa hiyo ganda usiliguse. Piga randa upande wa ndani tu, mpaka zibaki milimita tatu hivi. Mwanzi mnene juu ya mbao laini utalishinda tumbo, nalo litafanya makunyanzi ya kukatisha nyuzi. Hapo watu huilaumu gundi bure.

Sasa gundi. Upinde ukikunjwa, tabaka moja hutaka kuteleza juu ya jingine, na kazi ya gundi ni kulizuia. Gundi nyeupe ya seremala inatosha kabisa kama vipande vimebandikwa vikiwa vimenyooka na vinakutana bila mwanya. Udhaifu wake ni kusogea polepole ikibeba mzigo wa kudumu, hasa kwenye joto. Ukibandika vipande huku umevikunja kuelekea shabaha ili upinde ubaki na umbo hilo, gundi itabeba mzigo usiku na mchana, hata ugwe ukiwa umevuliwa. Kazi hiyo ipe epoksi ya kukauka polepole, au gundi ya unga ya yurea, ambayo hukauka ikawa ngumu. Epoksi ya dakika tano iache. Gundi ya fundi viatu ndiyo mbaya kuliko zote, maana hubaki kama mpira. Na ile inayotoa povu huziba mwanya kwa macho tu.

Epoksi nayo ina tabia zake: ukikaza klampu kwa nguvu zote, inakamuliwa na kuishia pembeni. Kwaruza mbao kwa msasa namba 60 au 80, kisha bana kiasi. Gundi nyeupe hutaka kinyume chake, nyuso zilizopigwa randa vizuri na mbano mkali. Mbao zenye mafuta, kama mtiki na mpingo, zikwangue upya na kuzifuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kubandika.

Kabla ya kugusa upinde wenyewe, bandika masalio mawili ya mbao hizohizo, yaache yakauke kabisa, kisha yapasue kwa patasi. Yakiachana safi kwenye mstari wa gundi, rudia maandalizi au badili gundi. Mbao ikichanika yenyewe, endelea.